Soma Jalada Mpaka Mwisho: Namna ya Kutafuta Kumbukumbu za Kesi Bukoba na Muleba

Mwezi Agosti 1988 mwanamke mmoja mzee wa wilaya ya Muleba aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000 na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake tu, ndugu wa ukoo aliyemwita shangazi alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ilimpa haki huyo ndugu: mauzo yakatamkwa kuwa batili na fedha zikaamriwa zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke uwezo alionao mwanamume inapingana na ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi. Hiyo ndiyo Rufaa ya Madai Na. 70 ya 1989, na leo inasomwa katika vyuo vya sheria mbali sana na Muleba.

Nimeanza na shauri hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo kila anayekwenda masjala ya mahakama au kaunta ya polisi inafaa alijue kabla hajatoka nyumbani. Mtu aliyeshika nakala ya hukumu ya Kashasha peke yake angekuwa na karatasi halali, yenye muhuri na sahihi ya hakimu, na bado angekuwa amepotoka kabisa kuhusu nani mwenye shamba. Karatasi moja ya kesi haitoshi. Inayotosha ni safari nzima ya shauri, tangu lilipofunguliwa mpaka mahakama ya mwisho iliyoligusa, na safari hiyo inafuatiliwa kwa namba. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja hiyo: tafuta namba kabla ya kutafuta jina, anzia mahakamani kabla ya polisi, na usiamini ukurasa wowote mpaka umejua ulifuatiwa na nini.

Sababu za kutafuta ni nyingi na hazihitaji udadisi wa kupekua maisha ya watu. Unataka kununua kibanja Kamachumu au kiwanja Kashai na umesikia fununu ya mgogoro. Baba amefariki, kaka amejitangaza kuwa msimamizi wa mirathi, nawe hujui kama aliteuliwa na mahakama au na kikao cha ukoo tu. Kijana wenu yuko mahabusu na kila mtu anasimulia lake. Ulishinda shauri miaka mingi iliyopita na sasa mdaiwa anasema alikata rufaa akashinda. Katika hali zote hizo kuna maandishi mahali fulani yanayoweza kumaliza ubishi, na kwa sehemu kubwa unayo haki ya kuyaona.

Haki hiyo ina mizizi yake. Kesi husikilizwa hadharani, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaliweka hilo kama kanuni, huku ikitaja mashauri yanayosikilizwa faragha, hasa ya makosa ya kujamiiana. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inahesabu kumbukumbu za mahakama kuwa nyaraka za umma, na mtu mwenye haki ya kuikagua nyaraka ya umma anaweza kudai nakala iliyothibitishwa kwa kulipa ada iliyowekwa. Ibara ya 18 ya Katiba inazungumzia haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Usiingie masjala kama mtu anayeomba hisani. Salimia, subiri zamu yako, kisha sema unachotaka kwa namba na mwaka.

Sasa namba zenyewe. Kabla ya mfumo wa kielektroniki, kila mahakama ilikuwa na rejista zake, moja ya madai, nyingine ya jinai, nyingine ya mirathi, na kila mwaka mpya hesabu ilianza upya kwenye moja. "Madai Na. 14/2012" maana yake ni shauri la madai la kumi na nne kufunguliwa mwaka huo katika mahakama hiyo. Nshamba inaweza kuwa na namba 14 yake, Izigo nayo, Katerero nayo. Ndiyo maana namba isiyo na jina la mahakama haimsaidii karani, na jina la mahakama lisilo na mwaka linamlazimu afungue vitabu kimoja baada ya kingine. Ukishindwa kupata namba, tafuta walau mwaka. Waulize wazee kuhusu tukio lililokaribia na kesi, kama vile kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 au tetemeko la Septemba 2016, kisha mwombe karani apitie rejista ya mwaka huo na ya miwili inayopakana nao. Kwa mashauri yaliyofunguliwa tangu mwishoni mwa 2023, mfumo wa kielektroniki wa mahakama hutoa namba ndefu inayoanza na mwaka. Iandike tarakimu zote, maana ukikosea moja umefika kwenye kesi ya mtu mwingine.

Kutafuta kwa jina kuna matatizo yake hapa kwetu, na watafutaji wengi hukwama hapo. Majina ya Kihaya huandikwa na makarani wa kila kabila, kila mmoja kwa sikio lake. Rwegasira wa nyumbani anageuka Lwegasira rejistani, Rutabingwa anakuwa Lutabingwa, na mama ambaye kijijini anajulikana kwa jina la Kihaya ameandikishwa kwa jina la ubatizo na la mume. Jaribu kila tahajia. Jaribu pia kumtafuta mdaiwa badala ya mdai, na shahidi mkuu kama unamkumbuka. Kwa kesi za jinai, kumbuka kwamba upande wa mashtaka ni Jamhuri, kwa hiyo jina litakalokufikisha ni la mshtakiwa, wala si la aliyeibiwa au aliyepigwa.

Ukishajua unatafuta nini, jiulize shauri lilianzia wapi, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wa ardhi huumia. Migogoro ya ardhi haiko katika masjala ya Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, ilipelekwa kwenye mabaraza ya kata na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, ambayo yana masjala yake, makarani wake na namba zake. Baraza la Kagera linakaa Bukoba, na Muleba ina la kwake. Anayekwenda mahakamani akauliza "kuna kesi juu ya shamba hili?" akajibiwa hakuna, ameambiwa kweli, na bado anaweza kununua mgogoro uliokwisha kaa miaka mitano barazani. Nenda sehemu zote mbili. Nenda na ofisi ya kata pia, kwa sababu hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 mabaraza ya kata yalikuwa yakiamua mashauri, na maamuzi hayo ya zamani bado yana uzito. Tangu mabadiliko hayo kazi ya baraza la kata imebaki usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana pande zinakwenda baraza la wilaya. Mashauri ya zamani zaidi, kama lile la Kashasha, yalikuwa mahakamani kwa sababu mfumo huu wa mabaraza ya ardhi haukuwepo.

Mirathi ni tofauti. Hiyo iko mahakamani, na mara nyingi katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na alipoishi marehemu. Omba kuona jalada la mirathi kwa jina la marehemu na mwaka wa maombi. Ndani yake kuna mambo matatu ya kuangalia kwa makini. La kwanza ni uteuzi wa msimamizi na tarehe yake. La pili ni pingamizi, kama lilikuwepo, na lilivyoamuliwa. La tatu, ambalo watu hulisahau, ni orodha ya mali na hesabu ya mgawo, ambazo msimamizi analazimika kuziwasilisha kwa fomu maalumu, Fomu Na. V na Na. VI. Jalada lenye uteuzi bila fomu hizo ni mirathi ambayo haijafungwa. Anayekuuzia kibanja cha marehemu akiwa na barua ya usimamizi tu, bila mgawo kuonekana jaladani, anaweza kuwa anauza mali ya wadogo zake, na warithi hao bado wana nafasi ya kwenda mbele ya hakimu yuleyule.

Kwa Mahakama Kuu Kanda ya Bukoba na Mahakama ya Rufani, kazi imerahisika sana. Tovuti ya TanzLII, inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, inaweka hukumu hizo bure, bila kujisajili, na simu ya kawaida yenye intaneti inatosha. Chagua Mahakama Kuu, andika Bukoba au Muleba pamoja na jina au namba, na ukipata hukumu soma kichwa chake kabla ya kusoma kingine chochote. Juu kuna namba ya mtandaoni, kwa mfano mwaka katika mabano ukifuatwa na herufi TZHC kwa Mahakama Kuu au TZCA kwa Mahakama ya Rufani. Chini kidogo, mara nyingi kwa herufi ndogo ndani ya mabano, kuna maelezo kwamba rufaa hii imetokana na rufaa namba fulani ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ya Muleba, ambayo nayo ilitokana na shauri namba fulani la baraza la kata fulani. Mstari huo mdogo una thamani kubwa kuliko kurasa tatu zinazofuata, kwa sababu umekupa namba zote za chini kwa mpigo mmoja. Nakili kila namba, kisha shuka nazo masjala moja baada ya nyingine. Hukumu nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu zilizotangulia zitabaki zilivyo, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusomea aya za mwisho kwanza, pale penye amri.

Hapo msomaji anaweza kuuliza: kama yote yako mtandaoni, ya nini kupanda basi hadi Muleba mjini? Jibu ni kwamba yaliyoko mtandaoni ni kilele tu. Mashauri ya wananchi wengi huanzia na kuishia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au barazani, na hukumu za huko kwa kawaida huzikuti TanzLII. Kukosa kuliona shauri mtandaoni hakuthibitishi kwamba halikuwepo. Aidha, tovuti inakupa hukumu lakini haikupi mwenendo, yaani maneno ya mashahidi kama hakimu alivyoyaandika, wala vielelezo. Mkataba wa mauzo wa 1988 au ramani ya mpaka iliyochorwa na mwenyekiti wa kijiji viko ndani ya jalada la karatasi. Huenda visiwe pale ulipotarajia: rufaa inapokatwa, mahakama ya juu huita jalada la chini. Kwa hiyo karani wa Kashasha akikuambia jalada halipo, swali linalofuata ni hili: liliitwa lini, kwa barua gani, na liko Muleba au Bukoba? Kwa kesi za zamani za Kagera ongeza na Mwanza, kwa sababu huko ndiko rufaa kama ile ya 1989 zilikosikilizwa.

Omba kwa barua, hata pale karani anapokuwa mkarimu na kukuonyesha jalada papo hapo. Barua haihitaji ufundi. Kwa Mahakama ya Wilaya mwandikie Hakimu Mfawidhi, kwa Mahakama Kuu mwandikie Naibu Msajili, kwa baraza la ardhi mwandikie Mwenyekiti. Kichwa kiwe "Yah: Maombi ya nakala ya hukumu, tuzo na mwenendo wa Shauri la Madai Na. 14/2012," kisha jina lako, uhusiano wako na shauri, sababu kwa sentensi moja, na namba ya simu. Toa nakala mbili, waachie moja, na ile nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontroo namba, kwa simu au benki, na stakabadhi yake inabaki kwako. Ukiombwa fedha mkononi ya "kutafutia faili," omba namba ya malipo kwa upole na usilegeze. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Muhuri wa tarehe kwenye nakala yako una kazi kubwa kuliko kuthibitisha kwamba ulifika. Muda wa rufaa ni mfupi: siku 30 kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, na siku 45 kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu pale baraza liliposikiliza shauri tangu mwanzo. Katika rufaa nyingi siku ulizosubiri nakala zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini lazima uonyeshe uliomba lini na ulipewa lini, na barua yenye muhuri ndiyo ushahidi wako. Kuna hatari hapa inayowanasa watu wengi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo haihitaji kuambatanishwa na nakala ya hukumu, na Mahakama Kuu imeshaamua kwamba anayechelewa kwa kisingizio cha kuisubiri nakala hiyo hana udhuru. Peleka rufaa yako ndani ya siku 30 ukiwa na nakala au huna. Huu ni mfano wa wazi wa kwa nini mtu anayetafuta kumbukumbu inampasa ajue shauri lilianzia mahakama ipi, maana kanuni inabadilika kulingana na chanzo.

Tuje polisi, ambako watu wengi huanzia na wengi hukata tamaa. Unapotoa taarifa kituoni, iwe Bukoba mjini, Muleba au kituo kidogo cha kata, maelezo yako yanaandikwa kwenye kitabu cha taarifa na unapewa namba ya RB. Iombe iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la kituo, tarehe na jina la askari. Upelelezi ukifunguliwa, jalada linapata namba nyingine, ya IR. Likishapitiwa na waendesha mashtaka na mtu akafikishwa mbele ya hakimu, linapata namba ya tatu, ya mahakama. Namba hizo ni hatua za safari moja, na asiye na ya kwanza huhangaika kuipata ya tatu. Ukitaka kujua malalamiko yako yamefika wapi, muulize mkuu wa kituo kwa namba ya RB, na ukiambiwa jalada limekwenda wilayani, mfuate mkuu wa upelelezi wa wilaya umwombe namba ya IR na kama jalada liko kwao au limekwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mlalamikaji anayeuliza hatua iliyofikiwa anauliza jambo lake halali.

Kuyaona yaliyomo ndani ya jalada la polisi ni suala jingine. Wakati upelelezi unaendelea, jalada ni siri, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa yenyewe inaruhusu ofisi kukataa kutoa taarifa itakayoharibu upelelezi. Naona katazo hilo lina mantiki: shahidi wa kijijini aliyetaja jina la mwizi wa ng'ombe anaishi nyumba tatu kutoka kwa huyo mwizi. Siri hiyo hulegea shauri likifika mahakamani. Mshtakiwa katika mahakama ya hakimu ana haki ya kupewa nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Katika mashauri ya Mahakama Kuu, kama ya mauaji, maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo hutolewa kabla kesi haijapelekwa huko, isipokuwa pale sheria inapomlinda shahidi. Na kielelezo chochote kikishapokelewa, iwe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ya majeruhi, mchoro wa eneo la tukio au maelezo ya onyo, kinapaswa kusomwa kwa sauti mahakamani, nacho kinakuwa sehemu ya kumbukumbu za mahakama. Hii ndiyo sababu ya kusema anzia mahakamani. Mengi ya yale unayoyabembeleza kwenye kaunta ya polisi yamekaa masjala, yakiwa na utaratibu wa wazi wa kuyapata.

Zipo karatasi za polisi ambazo ni zako moja kwa moja. Aliyejeruhiwa anapewa PF3 ya kwenda nayo hospitali, na inafaa aipige picha pande zote mbili baada ya daktari kuijaza, kwa sababu ile halisi itabaki kwenye jalada. Baada ya ajali ya barabarani, kampuni ya bima itadai taarifa ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari na mchoro wa eneo, na kama dereva alishtakiwa, nakala ya hukumu ya kesi ya usalama barabarani. Hiyo ya mwisho inatoka mahakamani. Aliyepoteza hati, cheti au kitambulisho anaweza kuomba taarifa ya upotevu kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi. Taarifa hiyo inaonyesha kwamba umeripoti tu. Haithibitishi kwamba hati ilikuwepo wala kwamba shamba ni lako, na mnunuzi anayeonyeshwa taarifa ya upotevu badala ya hati aichukulie kuwa sababu ya kuchunguza zaidi.

Pingamizi zito dhidi ya haya yote ni la faragha. Kwa nini mtu aliyewahi kushtakiwa miaka 20 iliyopita afuatwe na karatasi? Hoja hii naiheshimu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, mashauri ya watoto husikilizwa katika mahakama isiyo ya wazi, na utambulisho wa waliobakwa hufichwa katika hukumu. Mipaka hiyo iheshimiwe bila kuitafutia upenyo. Ila dawa ya kumbukumbu inayoumiza watu isivyo haki ni kuisoma kikamilifu, maana madhara makubwa hufanywa na nusu ya kumbukumbu. RB inasema mtu fulani alilalamika, basi. Hati ya mashtaka inasema Jamhuri inadai, na ibara ya 13(6)(b) inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya kutiwa hatiani. Hukumu ya kutia hatiani inaweza kuwa imefutwa na Mahakama Kuu Bukoba. Kinyume chake pia ni kweli: mashtaka yaliyoondolewa kabla ya mshtakiwa kujitetea kwa kawaida hayamzuii Mkurugenzi wa Mashtaka kuyarudisha, kwa hiyo "kesi imefutwa" huenda isiwe mwisho. Anayesambaza picha ya ukurasa wa kwanza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji bila ukurasa wa mwisho amesema uongo kwa kutumia karatasi ya kweli.

Wengine watasema afadhali kumwachia wakili, au kumuuliza mwenyekiti wa kijiji anayejua yote. Wakili anafaa sana pale panapohitajika kubishana mbele ya jaji. Kutafuta namba na kuomba nakala hakuhitaji ujuzi huo, na asiye na uwezo anaweza kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mwenyekiti anajua mipaka na historia ya watu, na neno lake ni mwanzo mzuri wa kupata mwaka na majina. Lakini yeye hakuwepo mahakama ya rufaa, na mara nyingi anachokijua ni kile upande ulioshinda kijijini ulichorudi nacho. Kwa mkazi wa kisiwa cha Bumbire, Ikuza au Goziba, ambaye kila safari ya masjala ni mtumbwi kisha basi, naona busara ni kumaliza kazi ya simu kwanza: TanzLII, namba, tahajia zote, kisha kupiga simu masjala kuuliza kama jalada lipo, ndipo aanze safari akiwa na barua mbili zilizokwisha andikwa, moja ya mahakama na moja ya baraza.

Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi na upande ngazi. Juu ya karani wa Mahakama ya Mwanzo yuko hakimu wake, juu yake Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, ambaye mahakama yake ina mamlaka ya kuita na kukagua majalada ya chini, na juu yake Mahakama Kuu. Malalamiko ya mwenendo wa hakimu yana kamati za maadili za wilaya na mkoa. Upande wa polisi, ngazi ni mkuu wa kituo, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha Kamanda wa Mkoa aliyeko Bukoba. Barua yako ya kwanza yenye muhuri ndiyo inayofanya barua ya pili isikilizwe.

Limebaki jambo la jalada lililopotea kweli, kwa maana yapo. Mahakama zetu zimekutana na hali hiyo katika rufaa za wafungwa, na hufanya jitihada za kuliunda upya kwa kukusanya nakala zilizoko kwa waendesha mashtaka, polisi, magereza na pande zenyewe. Katika ardhi na mirathi hakuna gereza lililotunza nakala. Zinabaki za wahusika. Kwa hiyo siku utakayopewa hukumu, tuzo na mwenendo, vitoe nakala, seti moja ikae na ndugu anayeishi nyumba nyingine, vipige picha kila ukurasa pamoja na mihuri, na nyuma ya ukurasa wa kwanza andika namba zote za shauri kwa mfuatano, kuanzia kata hadi mahakama ya mwisho iliyolisikiliza.